Kit Mikayi: Jiwe, Jina na Masimulizi Yake

Utangulizi

Takriban kilomita 29 magharibi mwa jiji la Kisumu, katika eneo la Seme, pana fungu la mawe makubwa mno yaliyosimama na kuegemeana. Mgeni atokaye mjini hufuata barabara ya magharibi hadi Kisian, mahali ambapo njia ya Busia na ile ya Bondo huachana. Hapo hushika njia ya Bondo, Ghuba ya Winam ikiwa upande wake wa kusini, hadi afikapo yalipo mawe hayo. Wenyeji huyaita Kit Mikayi.

Mwezi wa Desemba 2019, katika kikao kilichofanyika Bogotá, nchini Kolombia, Kamati ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) iliingiza Kit Mikayi katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wengi waliposikia habari hiyo walifurahi kwamba jiwe lao limetambuliwa duniani. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba kilichoorodheshwa si jiwe. Kilichoorodheshwa ni matambiko na desturi zinazofungamana na jiwe hilo. Jiwe lenyewe halihitaji kuokolewa kwa haraka, kwa kuwa limestahimili jua na mvua kwa muda usiokadirika na binadamu. Kinachoelekea kupotea ni yale ambayo watu hulitendea na hulisemea.

Makala haya yanadhamiria kueleza Kit Mikayi kwa msomaji wa Kiswahili kwa kuanzia kwenye umbo lake, kisha jina lake, kisha masimulizi yake. Hoja kuu ni kwamba anayelitazama jiwe hilo bila kulielewa neno "mikayi" huona mawe tu. Aidha, makala yanajaribu kuonyesha kuwa tafsiri ya haraka ya jina hilo ni mojawapo ya njia za kuupoteza urithi ambao dunia imekubali kuulinda.

Umbo la mawe na asili yake

Mawe ya Kit Mikayi ni ya aina ya matale, ambayo wengi huyaita granaiti. Miamba ya granaiti iliyoko magharibi mwa Kenya ni miongoni mwa miamba mikongwe kabisa nchini, na umri wake hupindukia miaka bilioni mbili. Miamba ya namna hii huanza chini sana ardhini, ambako uji wa mawe yaliyoyeyuka hupoa polepole na kuganda. Unapoganda, na baadaye udongo na mawe yaliyo juu yake yanapopungua, mwamba hupata nyufa, nyingine za wima na nyingine za ulalo.

Maji ya mvua hupenya katika nyufa hizo. Katika nchi yenye joto na mvua nyingi, maji huila granaiti taratibu, hasa kwenye pembe na kingo, na kuigeuza kuwa kokoto na mchanga. Sehemu zilizo mbali na nyufa hubaki ngumu. Kadiri udongo unavyochukuliwa na mmomonyoko, mawe hayo magumu hujitokeza juu ya ardhi yakiwa yamepandana, kana kwamba jitu fulani liliyapanga kwa mikono. Kumbe hayakupangwa na yeyote. Yalikuwa mwamba mmoja, na kilichoondoka ni kile kilichokuwa kati yao.

Jambo hili halipatikani Seme peke yake. Kusini mwa ziwa lilo hilo, katika mji wa Mwanza nchini Tanzania, yapo mawe mengi ya granaiti yaliyopandana kwa namna hiyo, na mashuhuri zaidi ni lile la Bismarck lililosimama majini karibu na ufuo. Tofauti iliyopo ni ya majina. Jiwe la Mwanza hujulikana sana kwa jina la mwanasiasa wa Kijerumani ambaye hakupata kuliona. Jiwe la Seme limebaki na jina walilolipa majirani zake, na jina hilo lina habari ndani yake.

Maelezo ya wanajiolojia hayapingani na masimulizi ya wenyeji. Mwanajiolojia hueleza jinsi mawe yalivyopata kusimama pale, ilhali msimulizi hueleza ni kwa nini watu husimama mbele yake. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hana haja ya kuchagua mojawapo na kulitupa jingine.

Jina na sarufi yake

Katika lugha ya Dholuo, jiwe huitwa "kidi", na mawe huitwa "kite". Mlima au kilima huitwa "got", na wingi wake ni "gode". Msomaji ataona kwamba konsonanti hubadilishana nafasi: penye "d" katika umoja huja "t" katika wingi, na penye "t" huja "d". Badiliko kama hilo hutokea pia nomino inapofuatwa na mmiliki wake. Kwa hiyo "kidi" likifuatwa na "mikayi" huwa "kit mikayi", yaani jiwe la mikayi. Uhusiano ambao Kiswahili huubeba kwa kiunganifu "la", Dholuo huubeba ndani ya mwili wa nomino yenyewe. Kwa sababu hiyo, neno "kit" linaposikika peke yake tayari limekwisha kudokeza kwamba jiwe hilo ni la mtu.

Mtu huyo ni nani? Vijitabu vya watalii hutafsiri "mikayi" kuwa mke wa kwanza. Tafsiri hiyo si uongo, lakini ni pungufu. "Mke wa kwanza" hutaja hesabu tu: yupo wa kwanza, yupo wa pili, yupo wa tatu. Mtu aliyefiwa na mkewe akaoa tena anaweza kusema habari za mke wake wa kwanza bila kudokeza hadhi yoyote. Kiswahili kina msamiati mwingine ulio karibu zaidi, nao ni "mke mkubwa" au "bi mkubwa". Huu huongeza heshima na cheo. Hata hivyo, nao hautoshi, kwa kuwa mikayi si cheo tu bali pia ni mahali.

Vilevile, sikio la Mswahili linaweza kudanganywa na umbo la neno. Silabi "mi-" iliyo mwanzoni si kiambishi cha wingi kama kile cha "mikate" au "mikoba", na hakuna "mkayi" mmoja. Neno hili linapoingizwa katika sentensi ya Kiswahili hufuata upatanisho wa viumbe wenye uhai: mikayi huyu ameingia, mikayi hawa wameingia.

Boma lililo ndani ya jiwe

Ili kuelewa mahali pa mikayi, mgeni angefanya vyema kuzuru Makumbusho ya Kisumu kabla ya kwenda Seme. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1980, na ndani yake mna boma la Kiluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi, liitwalo Ber-gi-dala. Boma hilo lina nyumba za mume, wake zake watatu na mwanawe wa kiume wa kwanza. "Dala" ndilo neno la boma katika Dholuo.

Katika dala ya desturi, nyumba ya mikayi hujengwa ndani kabisa, ikilikabili lango. Anayeingia langoni huiona hiyo kabla ya nyingine. Nyumba ya mke wa pili, aitwaye nyachira, huwekwa upande mmoja wa nyumba ya mikayi, na ya mke wa tatu, aitwaye reru, huwekwa upande wa pili. Mtoto wa kiume wa kwanza hujenga kibanda chake, kiitwacho simba, karibu na lango. Msomaji asidhani kwamba neno hili linahusu mnyama. Ni neno la Dholuo linalofanana tu na la Kiswahili kwa sauti. Mpangilio wa nyumba, kwa hiyo, ni kauli. Anayeujua huweza kusimama langoni na kuisoma historia ya familia bila kuuliza swali lolote.

Mpangilio huo ulifuatwa na wajibu. Mikayi ndiye aliyetangulia kupanda mbegu msimu ulipofika na ndiye aliyetangulia kuvuna, na wake wengine walimfuata kwa zamu. Kuuvunja utaratibu huo kulihofiwa kuleta "chira", yaani adha impatayo mtu na jamaa zake kwa sababu ya kukiuka mwiko. Mikayi alikuwa kama mlango wa kila msimu, kwani hakuna aliyeweza kuuingia kabla yake.

Baada ya kuyafahamu hayo, mgeni anapofika Kit Mikayi huanza kuyaona mawe kwa jicho jingine. Wenyeji humwonyesha jiwe la kati, ambalo ni baba mwenye boma, aitwaye Ngeso. Humwonyesha jiwe nene lililo karibu naye, ambalo ni mikayi, kisha nyachira, kisha reru. Mbele yao lipo jiwe dogo ambalo ni mtoto, nalo husimamia simba. Kwa maneno mengine, fungu la mawe linasomwa kama dala. Asiyejua dala ilivyo huambiwa majina hayo akayasahau kabla hajafika barabarani. Anayeijua hukumbuka yote, kwa sababu kila jiwe limekaa mahali ambapo mwenye jina hilo hukaa.

Masimulizi mawili

Yapo masimulizi kadhaa kuhusu asili ya jina hili, na mawili kati yake husikika zaidi.

La kwanza linamhusu mzee Ngeso. Inasimuliwa kwamba mzee huyo alilipenda jiwe kupita kiasi. Kila alipoamka asubuhi alikwenda kuingia katika pango lililo ndani ya mawe na kushinda humo mchana kutwa. Mkewe alilazimika kumpelekea chakula cha asubuhi na cha mchana huko huko. Watu walipomuuliza mkewe alikokwenda mumewe, alijibu kwamba amekwenda kwa mikayi wake. Jina likashika.

La pili linamhusu mwanamke mwenyewe. Inasimuliwa kwamba mume alipooa mke wa pili, mikayi aliondoka nyumbani akapanda kwenye mawe, akakaa huko akilia, na kwamba kilio chake hakijakoma hadi leo.

Mwanafunzi aliyezoea uainishaji wa tanzu anaweza kujiuliza masimulizi haya ni ya kundi gani. Katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, M. M. Mulokozi alizitenga hadithi za kubuni na salua, yaani masimulizi yanayohesabiwa na jamii kuwa ya kweli au ya kihistoria. Miongoni mwa salua alitaja visakale na visasili. Simulizi la Ngeso halielezi jinsi jiwe lilivyoumbwa, wala halina miungu ndani yake. Linaeleza jinsi jiwe lililokuwapo lilivyopata jina, na mhusika wake ni mtu wa ukoo wa kawaida. Kwa hiyo linaelekea zaidi upande wa kisakale. Simulizi la mikayi aliaye, kwa upande wake, linasogea karibu na kisasili, kwa kuwa huzuni ya mtu mmoja imegeuka kuwa sifa ya kudumu ya mahali.

Zaidi ya uainishaji, kuna jambo ambalo aghalabu hupotea masimulizi haya yanapofupishwa. Katika simulizi la kwanza, aliyelipa jiwe jina si Ngeso bali ni mkewe, na alilipa jina hilo kwa jibu la kijembe. Yeye ndiye aliyekuwa mke wa mzee huyo. Kwa kuliita jiwe mikayi, alisema mbele ya majirani kwamba yeye mwenyewe ameshushwa. Jiwe limepewa nyumba ya ndani inayolikabili lango, naye amebaki mchukuzi wa chakula. Hakulalamika waziwazi. Alitumia neno moja lenye uzito wa boma zima.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali ili kulielewa tendo hilo. Wanawake wa pwani wamezoea kwa miaka mingi kusemezana kwa maandishi ya leso, na mke mwenza huweza kutumiwa ujumbe mkali bila jina lake kutajwa. Mipasho ya taarabu hufuata njia hiyo hiyo. Mke wa Ngeso hakuwa na leso yenye maandishi, lakini alikuwa na neno, na neno lake limedumu kuliko nguo yoyote.

Ukiyaweka masimulizi yote mawili pamoja, utaona kwamba yanakutana mahali pamoja. Katika la kwanza mke anapokonywa nafasi na jiwe, na katika la pili anapokonywa na mwanamke mwingine. Katika yote mawili, sauti inayobaki ni ya mwanamke aliyekuwa na nafasi kubwa katika boma akaiona ikipungua. Tafsiri isemayo kwamba hili ni "jiwe ambalo mzee alilipenda kama mke" huihifadhi hadithi ya mzee na kuifuta sauti ya mkewe.

Ibada na wageni

Kit Mikayi ni mahali pa ibada kabla ya kuwa mahali pa matembezi. Wazee wa Seme walikwenda hapo nyakati za ukame na njaa kufanya matambiko ya kuomba mvua na mavuno. Katika miongo ya karibuni, waumini wa makanisa ya Kiafrika, hususan Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki miaka ya 1960, wamekuwa wakija kuomba na kufunga katika mapango yaliyo kati ya mawe. Baadhi yao hukaa humo kwa siku kadhaa. Hivyo basi, mgeni mwenye kamera na mwumini mwenye mshumaa huweza kukutana katika upenyo mmoja mwembamba, kila mmoja akiwa amefuata jambo lake.

Wageni mara nyingi hulakiwa na wanawake wa eneo hilo kwa nyimbo na ngoma, kisha huongozwa kati ya mawe huku wakisimuliwa. Utalii huleta kipato, na hakuna sababu ya kuwabeza wanaoutegemea. Hata hivyo, simulizi linalorudiwa mara nyingi kwa siku, kwa wageni wenye haraka na kwa lugha wasiyoilelea wasimulizi, hukonda. Hupunguzwa likabaki jina la mzee, mapenzi yake na picha ya ukumbusho. UNESCO yenyewe, katika kueleza hatari inayoukabili urithi huu, ilitaja kwamba matambiko hufanyika kwa nadra kuliko zamani, kwamba wenye ujuzi wanazeeka, na kwamba shughuli za watu zinalisonga eneo linalozunguka mawe. Kenya imewahi kupeleka katika orodha hiyo hiyo desturi za kaya za Wamijikenda mwaka 2009, ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho mwaka 2014, na sherehe tatu za rika za Wamaasai mwaka 2018. Kila mara tatizo limekuwa la aina moja: vitu vipo, lakini wajuao maneno yake wanapungua.

Wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu hicho hicho kinaitaka dola kukuza na kulinda anuwai ya lugha za watu wa Kenya. Mambo haya mawili yamewekwa pamoja kwa makusudi. Kiswahili hakikupewa hadhi ili kizimeze lugha jirani, bali kiwe uwanja ambamo zinaweza kufahamiana.

Kwa mwanafunzi aendaye Seme kukusanya data ya fasihi simulizi, wajibu huo una hatua zinazoonekana. Kwanza, simulizi linafaa kurekodiwa katika Dholuo kama lilivyotamkwa, hata kama mtafiti anahitaji mkalimani. Tafsiri ya Kiswahili ifanywe baadaye, nayo iwekwe kando ya matini asilia wala isichukue nafasi yake. Pili, inafaa kubainisha ni nani aliyesimulia, ikiwa ni mwanamume au mwanamke, mzee au kijana, na alikuwa akimsimulia nani. Simulizi la Ngeso likisimuliwa na mwanamke kwa wanawake wenzake huenda likawa na kicheko ambacho mgeni hakupewa. Tatu, sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kiutamaduni inatambua kwamba mali ya aina hii ina wenyewe. Ridhaa yao itafutwe, na kilichoandikwa kirudishwe kwao.

Nne, neno "mikayi" lisitafsiriwe. Libaki lilivyo, lielezwe mara moja, kisha litumiwe. Kiswahili kimekwisha kufanya hivyo kwa jirani mwingine wa ziwa hilo. Wanafunzi wengi wamesoma vitabuni kisakale cha Luanda Magere, shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa mwamba na siri ya nguvu zake ikiwa katika kivuli chake. Humweka pamoja na Fumo Liyongo wa pwani, ambaye siri yake ilikuwa katika kitovu. Neno "luanda" katika Dholuo lina maana ya mwamba, lakini hakuna aliyethubutu kumwita shujaa huyo Mwamba Magere. Jina lake limeingia katika Kiswahili likiwa zima, na hadithi yake imeingia pamoja nalo. Mikayi anastahili heshima iyo hiyo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Kit Mikayi ni zaidi ya mandhari. Granaiti yake ni ya kale mno, na itaendelea kusimama iwe imeorodheshwa au haikuorodheshwa. Juu ya granaiti hiyo jamii imeandika mpangilio wa boma, utaratibu wa kupanda na kuvuna, na lalamiko la mwanamke aliyechagua kusema kwa fumbo. Maandishi hayo hayakuchongwa kwa tindo. Yameshikiliwa na neno moja na watu wanaojua kulitumia.

Siku watakapokuwa hawapo wa kulieleza, mgeni atakayepita njia ya Bondo ataendelea kuona mawe yaliyoegemeana. Atayapiga picha na kuyasifu. Lakini atakapouliza yanaitwaje na kwa nini, jibu alilopata kulitoa mke wa Ngeso litakuwa limekosa wa kulirudia.